Nilikwenda Tuamotu Kumwita wa Tatu

Watu wa Butembo tunajulikana kwa safari. Nenda Guangzhou, nenda Dubai, utamkuta mwanamke wa kwetu ameketi juu ya mzigo wake wa viatu, akibishana bei kwa vidole na mtu ambaye hawaelewani hata neno moja. Mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo familia ilipotafuta mtu wa kwenda upande wa pili wa dunia, macho yote yalinigeukia, na kaka yangu mkubwa akasema kwa ile sauti yake ya kanisani kwamba mimi nimezoea ndege. Nilimkasirikia sana. Kuzoea ndege si kuzoea wafu.

Aliyekufa alikuwa mdogo wangu, mtoto wa tatu wa mama. Alikuwa mtawa, frère kama tunavyosema, na shirika lake lilimtuma kufundisha katika visiwa vya Tuamotu, huko Polinezia, ambako watu wanaelewa Kifaransa kama sisi na wanasali Kikatoliki kama sisi. Hakukaa sana. Siku moja alipanda mtumbwi wa injini kwenda ng'ambo ya kisiwa, kusali na wafanyakazi wa shamba la lulu. Mtumbwi ulikutwa unazunguka peke yake katikati ya maji, injini imekwisha mafuta, na sandali zake zimepangwa ndani, mbili pamoja, pua zikitazama nje. Yeye mwenyewe hakuonekana tena.

Kuzika bila mwili kwetu si ajabu. Upande wa Beni, ukishapita Mbau, kuna familia ambazo siku hizi, kwa mauaji ya porini, hazijui njia nyingine. Unakata shina la mgomba la kimo cha mtu, unalivika nguo zake, unaliweka kaburini, padri anasali, watu wanakula, matanga yanaisha. Lakini katika ukoo wa mama yangu kuna jambo la kufanya kwanza. Huwezi kuzika mgomba wakati mwenyewe bado anatangatanga huko alikoangukia. Lazima mtu wa damu yake aende mahali pale pale amwite.

Na kuita kwenyewe kuna utaratibu. Unakwenda saa sita mchana, wakati kivuli kimeingia chini ya miguu, kwa sababu saa hiyo walio hai na waliokufa wanafanana, wote hawana kivuli. Unachukua majivu ya jiko la mama yake, yamefungwa kwenye jani kavu la mgomba, unayanyunyiza hapo ili anuse nyumbani. Halafu unamwita. Humwiti kwa jina la ubatizo. Unataja ni wa ngapi, na kilima alikozaliwa mama yake. Mama yangu alizaliwa Vuhovi. Kwa hiyo maneno ni haya: Wa tatu wa Vuhovi, twende nyumbani. Ukishaita hugeuki nyuma tena hadi ufike, na kila mnapovuka mto au mpaka unamwambia kwamba mnavuka.

Paroko alimwambia mama kwamba misa inatosha. Mama akajibu ndiyo, mon père, misa itafuata. Kaka akamwambia kwamba Tuamotu si Kanyabayonga, kwamba mtu hapandi tu basi. Mama hakubishana. Alichofanya ni kuacha mlango wazi. Usiku na mchana, mlango wa mbele wa nyumba yake, pale pembeni mwa mji, ulikuwa wazi, na yeye amelala kitanda kinachotazama mlango. Katika Butembo ya sasa kulala hivyo ni kuwaita wenye bunduki waje kunywa chai. Tulimsihi, tulimfokea, mimi ndiye niliyefoka kuliko wote.

"Munataka nimufungie?" aliniuliza. "Mutoto iko njiani, mimi nafunga mulango? Mutamuzika mutu ambaye bado anatembea?"

Na hakulia. Hilo lilinitisha kuliko mlango. Mama ambaye alilia siku kuku wake alipogongwa na pikipiki, kwa mwanawe hakutoa chozi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu usiotoka unamla mtu kutoka ndani, nasi tulimwona akipungua. Shirika la mdogo wangu lilipotoa tiketi ya mtu mmoja wa familia kwenda kwenye misa ya kumbukumbu, nilifunga majivu katika jani la mgomba, nikayaficha ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikapita mpaka wa Kasindi kuelekea Entebbe.

Sitasimulia njia. Ni ndefu mpaka unasahau unakwenda au unarudi, na huko mbele tarehe yenyewe inageuka, ukishuka unaambiwa leo ni jana. Mwishoni niliwekwa kwenye ndege ndogo ya pangaboi, na chini yake nikaona kisiwa.

Kisiwa chenyewe ni pete. Ukanda mwembamba wa matumbawe na minazi, nje bahari kuu nyeusi inayopiga bila kuchoka, ndani maji ya kijani yaliyotulia ambayo wao huyaita laguni. Mtu wa kwetu akiamka asubuhi hutafuta kilima, aone ni kipi kina ukungu, ajue siku itakuwaje. Nilizunguka pande zote nikitafuta kitu kilichoinuka. Hakuna. Kanisa tu, jeupe, na minazi. Udongo pia hakuna. Ardhi yote ni matumbawe yaliyovunjika, meupe, yanalia chini ya kiatu kama maganda ya mayai. Wenye bustani huletewa udongo kwa meli, ndani ya magunia. Nilimfikiria mdogo wangu, mtoto wa mashamba ya kahawa, akipokea gunia la udongo bandarini, na hapo nikalia kidogo, hadharani, mbele ya watu waliokuwa wananivika mikufu ya simbi shingoni.

Nilipokewa na mwanamke wa rika langu, katekista wa kisiwa, ambaye ndiye huongoza sala padri asipokuwepo. Alikuwa mnene, mpole, sauti ya chini, na alinikumbatia kama tuliotoka tumbo moja. Mdogo wangu alikuwa akila chakula cha mchana kwake. Alinionyesha mahali alipokuwa akisimama, nje, kwenye ngazi, sahani mkononi.

"Hakuwa anaingia hadi nimfunge mbwa," aliniambia. "Mbwa wangu ni mzee, hana meno, lakini yeye alimwogopa kama simba."

Nilicheka, kwa sababu ni kweli. Mdogo wangu aliumwa na mbwa utotoni, na tangu siku ile hata picha ya mbwa ilimfanya avuke barabara. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala chini ya benchi barazani. Alifungua jicho moja, akaniona sina faida, akalifunga. Siku zote nilizokaa pale hakuniinukia hata mara moja.

Juu ya mbwa palikuwa na lile benchi, na juu ya benchi, ukutani, picha ya kijana mwenye shada la maua kichwani. Nilipotaka kukaa, mwenyeji wangu alinishika mkono taratibu akanivuta kwenye kiti kingine. Nikaangalia benchi. Lilikuwa limelowa. Mvua haikuwa imenyesha, na jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha mate mdomoni. Mbao zote kavu, ila sehemu ya kukalia mtu mmoja.

"Ni mwanangu," alisema, kama mtu anayekuonyesha mwanawe aliyerudi kutoka shuleni. "Wa tatu. Alikuwa anapiga mbizi kwenye chaza za lulu, palepale alipopotelea ndugu yako. Naye hakuonekana. Saa sita mchana huja kupumzika hapa, halafu huondoka."

Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moyoni nilisema kila nyumba ina wazimu wake, wa kwao ni benchi, wa kwetu ni mlango. Lakini sikukaa tena karibu na benchi lile, na nilipokuwa nikila samaki wake mbichi aliyelowekwa ndimu na tui, nilijikuta nakula nikiwa nimeligeuzia uso, nisilipe mgongo.

Kuna jambo kuhusu kisiwa kile ambalo sijafaulu kumweleza mtu yeyote hapa. Si usiku unaotisha kule, usiku watu huimba. Ni mchana. Jua likifika juu, weupe wa chini unakutana na weupe wa juu, kila kitu kinapoteza ukingo, watu wanaingia ndani, kuku wananyamaza, na bahari ya nje inasikika kwa mbali kama mtu anayehema chumba cha pili. Nilitoka mara moja saa hiyo kwenda kununua mkate. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Nilirudi na kila aina ya jasho, kwa sababu njia nzima nilikuwa na hakika kwamba napishana na watu.

Siku ya kuita ilifika baada ya misa. Mwenyeji alinipeleka kwa mtumbwi hadi ukanda ulio karibu na mlango wa laguni, pale ambapo maji ya ndani na ya nje yanabadilishana, akaniambia hapa ndipo mtumbwi wa ndugu yako ulikutwa, akarudi akaningoja kwenye kivuli cha minazi na mbwa wake. Alijua nimekuja kusali. Hakujua zaidi ya hapo, nami sikumweleza. Desturi za mtu ni nguo zake za ndani.

Nilivua viatu. Niliingia maji ya magotini, ya vuguvugu, angavu, hata nikaona vidole vyangu vya miguu. Kivuli changu kiliingia chini yangu kikapotea. Nikafungua jani, nikanyunyiza majivu ya jiko la mama. Maji yalikuwa yanatoka kwenda nje, nilikuwa nimeona matawi na povu yakivutwa kuelekea bahari kuu. Majivu yakaenda nayo kidogo. Halafu yakasimama. Halafu, polepole, yakarudi dhidi ya maji, yakanizunguka magoti.

Nilitaka kukimbia, na kwa sababu nilitaka kukimbia nikakasirika, ndiyo tabia yangu, nikaita kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa:

"Wa tatu! Twende nyumbani!"

Basi. Sikutaja Vuhovi. Niliiona ile kasoro mara ileile, kama unavyoona umesahau chumvi sufuria ikiwa tayari mezani. Lakini nilijiambia, kwa kiburi chote cha mtu wa Butembo, nani mwingine atanielewa hapa? Nimeita kwa lugha ya mama yangu mwisho wa dunia. Wa tatu gani mwingine atageuka? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami sikuongeza neno.

Jibu halikuwa sauti. Ulikuwa uzito. Kitu kiliniegemea bega la kushoto, taratibu, kama mtoto aliyechoka sokoni, na upande ule wote ukapoa. Nilitoka majini bila kugeuka. Nilipofika ufukoni, mbwa mzee aliinuka. Yule mbwa ambaye hakuwahi kuniinukia alikuja mbio kwa miguu yake ya ugonjwa, akanipita, akasimama nyuma yangu, nikasikia mkia wake ukipiga mchanga. Alilia kilio kile cha mbwa mwenye furaha. Sikuweza kugeuka kuona anamlilia nani. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilisema moyoni: kumbe hata mbwa anamwona, mdogo wangu amekuja.

Mbwa alitufuata mpaka kiwanja cha ndege. Ndege ilipowasha injini aliketi akainua pua juu akalia, na mwenyeji wangu alisimama kando yake, mkono umemfunika mdomo, ananipungia kwa mkono mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka kama amezima jiko. Nilimwona kupitia dirisha kwa sababu ndege iligeuka, si mimi.

Njia nzima nilimwambia. Tunapanda. Tunavuka bahari. Hapa ni Amerika, usijali, hatukai. Watu walinitazama, lakini siku hizi kila mtu anaongea peke yake na waya masikioni, hawakushangaa sana. Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa tupu katika kila ndege, hata ile iliyojaa. Mahali fulani juu ya maji, mhudumu aliweka gilasi mbili za maji mbele yetu, akaendelea na kazi. Nilikunywa yangu. Ile nyingine sikuigusa, na alipokuja kukusanya ilikuwa tupu.

Mama alitupokea mlangoni. Alitazama bega langu la kushoto kwa muda, akasogea pembeni kumpisha mtu, kisha akafunga mlango na kutia komeo, na nilipoisikia sauti ya lile komeo nilikaa sakafuni palepale. Kesho yake tulikata mgomba, tukauvika kanzu ya mdogo wangu, paroko akaja, majirani wakaja na viti vyao, tukala sombe na ugali wa bundu, wanaume wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Mama alizunguka akiwakaribisha watu kama kwenye arusi. Hakulia. Tulisema ni furaha. Kwetu, kwa siku kadhaa baada ya kuzika mgomba, aliyeitwa huwekewa kiti na sahani mezani, apumzike kabla ya kwenda kulala na wazee waliotangulia. Tulimwekea kiti karibu na jiko, kwa kuwa mdogo wangu alikuwa mtu wa kusikia baridi upesi, tangu utoto alikuwa akiota moto mpaka anaunguza suruali.

Ndipo mama alipoanza kuona mambo. Sahani ya maharagwe ilibaki vilevile. Kiti cha jikoni kilikaa kikavu, chenye vumbi. Lakini nje, penye pipa la maji ya mvua, kuna ubao wa kukalia wakati wa kufua, na saa sita mchana ubao ule ulikuwa unalowa. Sehemu ya kukalia mtu mmoja. Mama aliufuta kwa kitambaa, kesho ukalowa tena. Akifagia chini yake alipata punje nyeupe, ngumu, kama maganda ya mayai. Nilimwambia zimetoka kwenye viatu vyangu. Hakuniamini, kwa sababu mwanamke anayeuza viatu anajua kukung'uta viatu.

Siku moja asubuhi kaka alileta samaki wabichi kutoka ziwani, Kyavinyonge. Mama aliweka kipande kwenye sahani ile, akaitoa nje kwenye ubao, akaingia ndani. Tulikula. Alipokwenda kuichukua alirudi nayo ameishika mikono miwili, akaniwekea mbele. Palikuwa na miiba tu, imepangwa pembeni.

"Ule mutu ulituletea," mama alisema, "haiko wangu."

"Mama, ni paka."

"Yangu alichukia samaki, unajua. Yangu angekaa hapa kwa moto. Huyu anatafuta maji. Anakaa nje kama mugeni, ananiangalia, hana ubaya. Lakini hapana wangu." Kisha akauliza kile nilichokuwa nakiogopa. "Uliita namna gani?"

Nikamwambia. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

Ujumbe wa mwenyeji wangu wa Tuamotu ulikuwa umeingia kwenye simu usiku wa kuamkia siku ile, sauti tu, nami sikuwa nimepata moyo wa kuusikiliza. Niliufungua mbele ya mama. Sauti ya chini, Kifaransa cha polepole: "Dada, nisamehe kwa kukuuliza. Benchi limekauka tangu siku ulipoondoka. Mwanangu haji tena. Mbwa hali chakula. Wewe pale majini, ulimwita nani?"

Nikamtafsiria mama, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa linanichoma. Nilikwenda kumtafutia mama yangu mwanawe, nikamwibia mwanamke mwingine wake, tena mwanamke aliyenilisha. Nilisema nitarudi, nitauza duka langu la viatu, nitamrudisha. Mama akatikisa kichwa. Anayeitwa huitwa mara moja, alisema, hapelekwi huku na huku kama mzigo. Akaniamuru nipige simu.

Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni ya jana. Mwenyeji alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika simu. Nilimweleza yote: majivu, wa tatu, kilima nilichoacha kukitaja. Nilimwomba msamaha kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Upande ule ilisikika bahari, ikihema. Mama akaninyang'anya simu, akasema ndani yake kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, kama watu wazima wanavyofanya wakidhani umbali ni uziwi.

"Mama! Mutoto yako iko hapa. Iko muzuri. Anakula samaki. Muulize," akanigeukia, "anapenda kitu gani ingine?"

Nikatafsiri. Yule mwanamke alilia kwanza, kisha akajibu katikati ya machozi. Kwamba anapenda nazi changa. Kwamba asimwite mara mbili, hukasirika. Kwamba amwekee maji ya kunywa, kwa sababu waliokufa katika maji ya chumvi wana kiu. Mama alisikiliza akihesabu kichwani, kama anapokea maagizo ya mtoto aliyeletwa kulala kwa shangazi. Nazi hapana, alisema, lakini maji iko mengi, mvua inanyesha kila siku.

"Na yangu?" mama akauliza. "Hamujamuona?"

Nilitafsiri, nikasikia hatua zake zikienda mlangoni na kurudi.

"Kuna mtu kwenye ngazi," mwenyeji alisema hatimaye. "Tangu siku nyingi, kabla wewe hujaja. Nilidhani ni mwanangu akija na kuondoka. Lakini mwanangu sasa hayupo, na yule bado yupo. Anasimama nje. Haingii."

Nilipomaliza kutafsiri mama alikuwa ameshasimama.

"Ni imbwa!" alisema. "Anaogopa imbwa! Mwambie afunge ile imbwa. Na awashe moto kidogo, hata kama kuna joto, awashe. Halafu amuite. Mufundishe vizuri, hapana sahau kilima."

Nilimfundisha maneno, kipande kwa kipande, yule mwanamke akirudia kwa ulimi wake mwepesi unaoteleza juu ya konsonanti. Mara hii haikuwa twende. Mama alibadilisha. Tulisikia simu ikiwekwa juu ya meza, mnyororo ukiburutwa, mbwa akinung'unika, kiberiti. Tulisikia hatua kwenye matumbawe. Na kutoka mbali, upande wa jana, sauti ya mama wa watu ikasema kwa Kiswahili: "Wa tatu wa Vuhovi, ingia ndani."

Mama alikuwa ameibana simu sikioni kwa mikono yote miwili. Mimi sikusikia kitu. Yeye alisikia, kwa sababu aliinua kidole ninyamaze, na uso wake ukafuata kitu kinachotembea taratibu kutoka mlango hadi jiko la nyumba ambayo hajawahi kuiona.

"Amekaa," mwenyeji alisema, amerudi kwenye simu. "Karibu na moto."

Nikamtafsiria mama ingawa hakuhitaji. Alinirudishia simu. Alisema, "Bon. Basi iko kwa mutu." Akashika ukuta, akateremka chini taratibu, na kilio tulichokuwa tunakingoja tangu habari ilipofika kikatoka, kirefu, cha Vuhovi, mikono kichwani. Yule mwanamke wa upande wa pili alikisikia kwenye simu niliyosahau kuizima, naye akalia, kila mmoja kwa lugha yake.

Majirani wakaanza kuingia uani, mmoja mmoja, wengine na viti mkononi, wamechanganyikiwa, kwa sababu sisi matanga yetu tulikuwa tumeshamaliza. Wa kwanza alipiga magoti kando ya mama akamuuliza ni nani tena amekufa.

"Mutoto yangu," mama alisema.